Gari Zima Lisilowaka

Mzee Gia hakuwa mtu wa kuomba msaada kwenye mambo ya magari, sembuse kwa mkwewe. Kwa hiyo simu yake ilipoita Jumapili asubuhi, mkwewe huyo, fundi wa magari, aliruka kitandani akidhani kuna msiba. "Mkwe," sauti ilisema, "gari inapiga stata, haiwaki. Njoo." Ikakatwa. Hata salamu hakuna. Mke wa fundi, ambaye ni binti wa huyo mzee na amerithi mdomo wake wote, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Baba amekuita wewe? Basi hiyo gari imekata roho."

Fundi hakucheka. Gari hilo ndilo lililokuwa likiwapeleka wanawe wawili shuleni kila siku tangu muhula uanze. Mzee alijitolea mwenyewe, bila kuombwa, akasema dereva aliyekula nusu ya maisha yake barabarani hawezi kukaa kibarazani kuhesabu nzi ilhali wajukuu wake wanatembea vumbini. Kila asubuhi alipiga honi mbele ya nyumba yao, watoto wakatoka mbio na mikoba inawaruka mgongoni, na fundi akaenda gereji yake bila wasiwasi wowote. Alikuwa amezoea raha hiyo. Sasa kesho ni Jumatatu, na gari limelala.

Alimkuta mzee kibarazani, gazeti amelinyoosha mbele ya pua, hana miwani. Hilo lilikuwa moja ya majivuno yake makubwa. Wenzake wote aliostaafu nao walikuwa wameshavaa vioo vinene kama vitako vya chupa, yeye bado anasoma hata zile herufi ndogo kama sisimizi za matangazo ya mwisho. Jina la Gia alipewa na madereva wenzake enzi za malori, kwa sababu alikuwa akibadilisha gia abiria wa pembeni asisikie kitu. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina lake, na yeye mwenyewe sidhani kama angeitika.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, daktari wa vyuma. Mgonjwa huyo hapo. Usimuue tu."

"Imeanza lini?"

"Jana. Ijumaa imetembea vizuri, imelala vizuri, jana imeamka na kiburi. Betri nzima, mafuta nusu tangi. Nimeshakusaidia kazi yote, kilichobaki ni kuchafua mikono."

Fundi aliingia, akawasha. Stata ilizungusha injini kwa nguvu zote, wala si ule mzunguko wa kuvuta miguu wa betri inayokufa. Injini ilizunguka, ikazunguka, haikushika. Hata kukohoa haikukohoa. Sasa, mtu asiyejua kazi atakwambia gari bovu ni gari bovu, lakini fundi alijua kwamba ubovu una tabia zake. Injini inayozungushwa na haiwaki inadai kitu kimoja kati ya vichache: moto, mafuta, au pumzi. Kazi ni kuuliza kimoja kimoja, kwa zamu, bila papara, na papara ndiyo iliyokuwa ugonjwa wa huyu fundi wetu.

Alianza vizuri, tumpe haki yake. Alifungua plagi moja, akaichomeka kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini na kumwomba mzee apige stata. Cheche ya buluu iliruka, nene, ya kupendeza. Moto upo. Akainusa plagi ile. Ilikuwa kavu, haina hata harufu ya petroli. Akapuliza spreyi kidogo ya kuwashia injini kwenye njia ya hewa na kumwomba mzee apige tena, na injini ikanguruma kwa furaha ya muda mfupi, kisha ikazimika. Basi pumzi ipo, moto upo, na injini yenyewe inataka kuishi. Mafuta ndiyo hayafiki. Akainua kiti cha nyuma, akalaza sikio, mzee akafungua swichi. Pampu ya mafuta, iliyo chini ya kiti hicho, ilitakiwa ilie kidogo, kama nyuki ndani ya kopo. Haikulia.

Fundi alijifuta mikono na kutangaza kwa sauti ya daktari bingwa. "Pampu imekufa, Baba."

"Umejuaje?"

"Iko kimya."

"Kimya ni kufa? Mimi nikilala, mama watoto huwa ananisikiliza pumzi kwanza kabla hajaita watu."

Ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Alivuta waya kutoka kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye pampu, akagusisha. Pampu ililia papo hapo, nzima kabisa. Mzee alicheka cheko lile la kibarazani, cheko la mtu aliyekuwa barabarani wakati wewe unanyonya, akarudi kwenye gazeti lake. Fundi alimeza mate, akameza na jeuri, akalala chali chini ya dashibodi, miguu nje, kuutafuta umeme uliopotea njiani.

Fyuzi ilikuwa nzima. Baada ya fyuzi kuna rilei, kile kijisanduku cheusi kidogo kinachoamua kama pampu ipate umeme au isipate. Aliichomoa, akaenda nayo kwenye betri, akaigusisha nyaya mbili. Ikafanya tik. Akagusisha tena, tik. Nzima. Akairudisha mahali pake, akapiga stata, na injini ikazunguka bure vilevile. Akaichomoa, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akairudisha. Bure. Kufikia hapo alishaanza kuitukana moyoni, matusi ambayo hayasemwi nyumbani kwa wakwe.

Alipoichomoa mara ya tatu alitoka nayo nje, akaigeuza juani, na hapo ndipo alipoona. Miguu ya rilei ile ilikuwa ya shaba iliyofifia, yote, isipokuwa mmoja. Mmoja uling'aa. Aliukwaruza kwa ukucha, kukatoka kigozi chembamba, kisicho na rangi, kama ganda la kitunguu. Alikinusa. Mkewe alikuwa na chupa yenye harufu hiyo hiyo mezani kwake, kando ya kitana. Ilikuwa rangi ya kucha, ile ya maji isiyoonekana.

Katika miaka yake yote ya gereji alishaona panya waliokula nyaya, sukari kwenye tangi, na kijana mmoja aliyetia maji ya betri mahali pa oili. Hajawahi kuona kitu kama hiki. Huu haukuwa ubovu, ilikuwa kazi ya mikono ya mtu. Mwizi angeondoka na gari, na adui angekata waya au bomba la breki. Huyu alikuwa amechomoa kitu sahihi, akapaka mguu sahihi, mmoja tu, ule unaopeleka umeme kwa pampu, akauacha ukauke, akakirudisha mahali pake taratibu. Rilei itafanya tik kila ukiipima, fundi yeyote ataipa cheti cha afya, na gari halitawaka mpaka kiama. Tena ufunguo wa gari lenyewe haulali nje. Unaning'inia ndani, ukutani, karibu na mlango wa chumba cha wazee. Mtu huyo anaishi humu au anaingia humu kama kwake.

Alikuwa bado amechuchumaa upande wa pili wa gari, upande usioonekana kibarazani, kitu kile kiganjani na mdomo wazi, alipoona miguu ya kike mbele yake. Mama mkwe alikuwa ametokea mlango wa jikoni na jagi la maji.

Itakubidi uelewe jambo moja. Katika miaka yote tangu aoe, fundi na mama mkwe wake walikuwa hawajazungumza zaidi ya shikamoo na karibu chakula. Heshima ilikuwa imekaa kati yao kama ukuta, na wote wawili waliridhika nayo. Kumtazama usoni tu kulimtia haya. Mtu yeyote mwingine angeuliza, hicho nini, mkwe? Mama yule hakuuliza. Alikitazama kile kijisanduku, akachuchumaa chini kabisa, magoti yakagusa udongo, uso kwa uso na mkwewe.

"Umeiona," alisema.

Fundi alimkodolea macho. Mama mkwe! Mama huyu wa kanga mbili, anayefunika uso akicheka! Lakini hapo hapo akakumbuka maneno ya mkewe, kwamba kabla watoto hawajazaliwa huyu mama alizunguka na mumewe kwenye lori, akilala ndani, akimshikia tochi na kumpa spana usiku lori likiharibika porini. Aliyeshika tochi miaka ile yote alikuwa na macho.

"Mama, kwa nini?"

"Punguza sauti." Aligeuka kutazama kibarazani, kisha akarudi. "Ijumaa asubuhi nilipanda naye, aniteremshe kwa fundi cherehani. Wanao walikuwa nyuma, wanagombania penseli iliyoanguka chini ya kiti. Mzee anaongea, anacheka, unamjua. Tukafika pale kwenye kivuko karibu na shule. Watoto wa shule walikuwa wameshaanza kuvuka, wanatokea upande wangu, wameshikana mikono. Mwalimu amesimama ukingoni, upande huo huo, amenyoosha mkono. Mimi nikajua atasimama. Nani asingejua? Hakukanyaga breki, mwanangu. Hata kidogo. Mwalimu aliwavuta nyuma kwa nguo, mmoja akaanguka. Gari ikapita. Na yeye, wakati huo huo, unajua alikuwa anasemaje? Anasema, barabara leo nyeupe, tutafika mapema."

Fundi alikaa chini.

"Hakuwaona?"

"Hakuwaona. Si kwamba alipuuza. Miaka yangu yote na yule mtu, nakijua kiburi chake na najua kosa lake. Ile haikuwa kiburi. Mbele yake anaona mpaka sisimizi, hilo gazeti anakusomea lote. Lakini pembeni hakuna kitu. Nimemchunguza siku hizi mbili. Ukimwekea kikombe kando, anaulizia chai. Nikishika mlango nikisimama ubavuni, ananigonga. Yeye mwenyewe hajui. Anadhani dunia ndiyo imepungua watu."

Aliongea haraka, kwa sauti ya chini, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta. Fundi alikuwa haoni tena jagi wala gari. Aliona asubuhi zote tangu muhula uanze, honi mlangoni, wanawe wawili wakikimbia, yeye mwenyewe akiwapungia mkono na chai mkononi, akishukuru Mungu kwa babu mwema. Kila asubuhi!

"Kwa nini hukutuambia, Mama? Mimi baba yao!"

"Niseme nini? Kwamba Mzee Gia haoni? Hiyo ndiyo kazi yake, jina lake, kila kitu chake. Atakufa, mwanangu. Mwambie gari imekufa. Sema spea haipatikani, sema injini imepasuka, wewe fundi, hukosi uongo. Gari ikae hapo mpaka ioze. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Na kweli alikuwa hajawahi. Fundi alimtazama mama yule aliyepiga magoti udongoni mbele yake, akaona kwamba uongo huo angeweza kuusema bila kukwama. Amewahi kuwadanganya wateja kwa mambo madogo zaidi. Alikuwa ameshafungua mdomo akubali.

"Mkwe!" Mzee alikuwa ameshuka kibarazani, anakuja, gazeti kwapani. Fundi na mama waliinuka upesi, mama akajipangusa udongo kwenye magoti. Mzee alizunguka gari, akampita mkewe ubavuni, akasimama mbele ya fundi. "Acha kuhangaika na hicho kibati. Nimeshampigia jirani wa geti jekundu, kesho naazima yake. Wajukuu wangu hawakosi shule kwa sababu ya pampu."

Maneno yale yalimwagikia fundi kama maji ya baridi. Kumbe hata gari lingeoza, hata lingechomwa moto, mzee huyu ana simu, ana marafiki, ana jina linalofungua milango yote ya magari ya mtaa huu. Uongo ulimfia mdomoni.

"Baba," alisema, "wanangu hawapandi tena gari unayoendesha wewe."

Mzee alimtazama kana kwamba ametukanwa kwa lugha asiyoijua.

"Umesemaje?"

"Huoni, Baba. Pembeni huoni. Utaua mtoto."

Sura ya mzee ilibadilika, ikawa ya kijivu, halafu ikawa nyeusi kwa hasira. Alichomoa gazeti kwapani, akalifungua kwa kishindo ukurasa wa mwisho, akaanza kusoma kwa sauti kuu matangazo madogo, viwanja, vitanda, mbuzi wa maziwa, na namba za simu moja baada ya nyingine, bila kukosea hata tarakimu. Alipochoka alilikunja gazeti na kumnyooshea fundi usoni.

"Sioni, eh? Mimi? Sijawahi kumgusa hata kuku barabarani! Wewe umeshindwa pampu, unakuja kunitafutia ugonjwa! Nani kakujaza upuuzi huu?"

Fundi aliitazama rilei kiganjani. Hangeweza kumtaja mama. Isitoshe, muda wote huo mama mkwe alikuwa amesimama pale pale, kando ya bega la kulia la mumewe, karibu kiasi kwamba kanga yake iligusana na shati la mzee upepo ulipovuma. Fundi alidhani mzee anamnyamazia mkewe kwa makusudi, kwa hasira, kama wanaume wa umri wake wanavyofanya.

Mzee aligeuza uso kuelekea mlango wa jikoni, akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka majirani wakasikia.

"Mama watoto! Wee, mama watoto! Acha hayo masufuria, toka nje uje umsikie mkweo anavyonivunjia heshima!"

Fundi aliganda. Alimwona mama akifumba macho. Jagi lilianza kumwagika mkononi mwake, maji yakashuka kwenye kanga, yakaingia kwenye viatu vya mzee, na mzee akawa bado anautazama mlango.

"Mama watoto! Husikii?"

"Niko hapa, mume wangu."

Mzee aliruka, gazeti likamponyoka. Ilimbidi ageuze shingo yote, na kifua, na mguu mmoja, ndipo akamwona, na alipomwona alirudi nyuma hatua, akagota kwenye mlango wa gari.

"Umetokea wapi?"

"Sijatokea popote. Nilikuwa hapa kabla hujaja. Umenipita."

"Hukuwepo."

"Nilikuwepo. Umesoma gazeti lote nimesimama hapa."

Mzee alimtazama mkewe, akamtazama fundi. Kisha akafanya jambo ambalo fundi hatalisahau mpaka anaingia kaburini. Aligeuza uso wake mbele, kwenye geti, akatulia, akanyoosha mkono wa kulia polepole, bila kugeuza kichwa, akiutafuta mwili wa mkewe hewani. Mkono ulimpata begani. Ukabaki hapo. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, yametazama geti, na yalikuwa yanatafuta kitu ambacho hakikuja.

"Ijumaa," alisema, na sauti haikuwa tena ya Mzee Gia. "Ijumaa ulinikamata mkono ghafla. Pale shuleni. Nikakuuliza vipi, ukasema mguu umekufa ganzi."

Mama aliliweka jagi chini.

"Haukuwa mguu."

"Haukuwa mguu."

Fundi alitamani ardhi immeze, alitamani arudi dakika chache nyuma aseme ule uongo, injini imepasuka, chochote. Ilionekana mzee anajua swali linalofuata na hataki kuliuliza, na kwamba asipoliuliza hatalala tena.

"Walikuwa wangapi?"

Mama aliushika ule mkono uliokuwa begani mwake, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Darasa zima, mume wangu."

Mzee aliteremka taratibu ubavuni mwa gari, mgongo ukiburuzika kwenye mlango, mpaka akakaa kwenye tope la maji ya jagi. Fundi na mama mkwe wake walikaa naye hapo chini, mmoja kila upande.